Wimbo wa mwisho ni namba ngapi?

Ikifika tarehe 4 Septemba, redio ya bekari ninayofanya kazi hapa Buenos Aires inazimwa. Bosi anaunganisha simu yake na spika iliyojaa unga, anapiga Fuerza Natural ya Gustavo Cerati kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na ole wake atakayeruka hata mmoja. Ukifika "Cactus" anazima na mashine ya kukandia kinyunya ili gitaa lisikike vizuri. Saa kumi alfajiri, wateja wako njiani, na sisi watu wazima wanne tumesimama na unga mikononi kama tuko msibani.

Kwa asiyemjua, Cerati ndiye aliyekuwa mwimbaji wa Soda Stereo, bendi ya roki ya Argentina iliyojaza viwanja Amerika ya Kusini kwa nyimbo za Kihispania. Waliagana na mashabiki mwaka 1997 kwenye uwanja wa River Plate, wakarudi kwa ziara moja mwaka 2007. Fuerza Natural, yaani nguvu ya asili, aliitoa Septemba 2009 akiwa na miaka 50. Mei 15, 2010 alimaliza onyesho Caracas, kiharusi kikampiga. Akalala bila fahamu miaka minne na ushee, akafariki 4 Septemba 2014.

Hapo ndipo ninapogombana na bosi. Kwake yeye kila mstari wa albamu ile ni wasia: hapa alijua, hapa anatuaga. Mimi sisikii kifo humo. Nasikia mtu aliye safarini, mzima wa afya, aliyeweka pembeni magitaa yanayounguruma ya Ahí Vamos, albamu yake ya 2006, na kushika gitaa kavu, lile wazee wetu waliloliita galatoni. Bosi ananiambia, "Wewe umekuja juzi." Kweli. Lakini masikio nilikuja nayo.

Wivu ninaowaonea Waargentina ni mwingine kabisa: mpangilio. Wanajua ipi ya kwanza, ipi ya mwisho, nani alipiga nini.

Mimi ni mtoto wa Morogoro, na kwetu Mbaraka Mwinshehe hahitaji kutambulishwa. Alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, hata miaka 35 hajafikisha. Ukiniuliza albamu yake ya mwisho nabaki kukutazama. Enzi zile walirekodi wimbo mmoja mmoja, ama kwenye studio za redio ya taifa, ama Nairobi kwenye santuri ndogo, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Baadaye kila mtu akachota alichokitaka akakibandika jina "Zilipendwa". Leo unampa kijana wa kibandani flashi yako, anakujazia Mbaraka, Marijani na taarabu humohumo.

Tusijidharau sana lakini. Nilimsimulia bosi kuhusu mwanamuziki wetu Remmy Ongala, aliyefariki Dar es Salaam Desemba 2010, mwaka uleule Cerati alioanguka. Nikamwambia kuna kituo cha daladala Sinza kinaitwa Kwa Remmy, na konda anapaza sauti "Kwa Remmy wapo?" kila siku ya Mungu, na nusu ya abiria wanaojibu "wapo" walikuwa hawajazaliwa Remmy alipotamba. Bosi aliacha kukata vimkate vyake vya mwezi mwandamo akaniomba nirudie. Kwao Cerati ana kaburi Chacarita na tarehe yake ya kukumbukwa. Wa kwetu anatajwa na mtu anayedai nauli.

Mwaka huu bosi alinikaba: basi na mimi nilete wimbo wa mwisho wa huyo Mbaraka wangu, tuupige baada ya Cerati. Nikampigia mdogo wangu, nikamtuma kwa yule kijana wa flashi pale Msamvu. "Muulize wimbo wa mwisho wa Mbaraka ni upi."

Jioni akanirudishia jibu: "Kaka, anasema wa mwisho ni namba 19. Baada ya hapo zinaanza za Marijani."