Sikukuu bila ngano: Uingereza kuna lebo, nyumbani kuna chakula chenyewe

Kila ikikaribia Desemba ndugu zangu wa Moshi wananiuliza swali lile lile, mkija huku Krismasi huyo mtoto atakula nini, si bora mbaki huko huko Uingereza ambako chakula chake kinauzwa dukani kabisa. Na mimi jibu langu halibadiliki ingawa wengi hawaliamini: mtoto asiyetakiwa kula ngano anaweza kula sikukuu vizuri zaidi kwetu Kibosho, huko Moshi, kuliko mji wa Leicester huku Uingereza. Sharti ni moja tu, watu wa nyumbani wakubali kwamba anaumwa kweli, hajaleta maringo.

Binti yangu ana siliaki. Kwa ambao hawaijui, ni ugonjwa ambao mtu akila gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka inayoitwa rai, kinga ya mwili wake yenyewe inaanza kushambulia utumbo mdogo, utumbo unachakaa unashindwa kunyonya chakula, ndo unaona mtoto anakula lakini haongezeki, tumbo linajaa, damu inapungua kwa kukosa madini ya chuma. Haina dawa ya kumeza. Dawa yake ni kuacha ngano maisha yote, na kuacha manake kuacha, hata chembe za mkate zilizobaki kwenye kisu cha siagi zinamdhuru. (Na ukihisi mwanao anayo usikimbilie kumwachisha ngano kabla ya vipimo, akishaacha kipimo cha damu kinaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo.)

Sasa huku Uingereza lazima niseme haki yao. Sheria inataka vyakula 14 vinavyodhuru watu vionyeshwe wazi kwenye orodha ya viambato, ngano inaandikwa kwa herufi nzito unaiona hapo hapo, na tangu Oktoba 2021 hata sandwichi iliyofungwa pale pale dukani lazima iwe na lebo kamili. Ikiandikwa haina gluteni basi gluteni yake isizidi miligramu 20 kwa kilo. Shuleni kukiwa na sherehe ya Krismasi mwalimu ananiuliza mapema, hakuna anayenitazama kama mama msumbufu. Hilo nalipenda sana na natamani tungekuwa nalo nyumbani.

Lakini angalia meza yao ya Krismasi yenyewe. Bata mzinga mwenyewe hana shida, shida ni wanachomjazia ndani ambacho ni mkate uliopondwa, mchuzi wake umefanywa mzito kwa unga wa ngano, vile visoseji vinavyozungushiwa bekoni ndani vina makombo ya ngano, ile pudini nyeusi ya matunda ina unga, vile vipai vidogo vina unga, hata viazi vya kuoka kuna wanaovipaka unga ili vikauke vizuri. Yaani karibu kila kitu kina ngano, kwa hiyo wanachofanya wenyewe ni kutengeneza nakala ya kila kitu bila ngano na kukiweka kwenye rafu yake maalum. Mkate wake ni mdogo, bei mara kadhaa ya ule wa kawaida, na ukisoma ndani unakuta wanga wa viazi, wanga wa mahindi, gundi ya chakula ya kuushikanisha, sukari. Unalipa hela nyingi mtoto ale wanga mtupu ilimradi afanane na wenzake mezani.

Njoo Kibosho tarehe 25. Watu wameshapanda kutoka Dar, wanasema kwa utani wameenda kuhesabiwa, kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kimejaa. Asubuhi mtori, ndizi na nyama na kitunguu, hakuna kingine. Mchana machalari ya ndizi na nyama, kiburu cha ndizi na maharage, mbuzi ndafu, wali wa nazi au pilau, magimbi, viazi vikuu, mboga za majani, parachichi lililochumwa mtini hapo hapo. Hata mbege, pombe ya wazee, ni ndizi na kimea cha ulezi, haina shayiri kama bia nyingi za chupa. Chakula chote hicho hakuna aliyekitengeneza kwa ajili ya mgonjwa, kiko hivo tangu enzi za mababu, na mtoto wangu anakula sahani moja na binamu zake. Sijui niwaeleze vipi hiyo ina thamani gani kwa mtoto ambaye huku kila sherehe anabebewa kikontena chake.

Tatizo nyumbani linaingilia sehemu ambazo hazina lebo. Mafuta yaliyokaangia maandazi alfajiri ndo yanakaangia ndizi saa nne. Mwiko wa chapati unaingia kwenye maharage. Ndafu inapakwa sosi ya soya, na nyingi zina ngano. Viungo vya pilau vilivyosagwa tayari vya kupimiwa sokoni huwezi kujua vimechanganywa na nini, mimi nanunua binzari nyembamba, mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga vizima natwanga mwenyewe. Unga wa lishe ndo usiseme, watu wanampa mtoto wakijua ni afya tupu kumbe mara nyingi humo ndani kuna ulezi, soya, karanga, mahindi na ngano! Alafu kuna mashine ya kusaga, ikitoka kusaga ngano ya mtu ikaingia mahindi yako unga wako umeshachafuka, kwa hiyo sisi tunakuwa wa kwanza asubuhi, tunatanguliza kilo mbili tatu za mahindi zisafishe mashine, zile wanakula kuku, ndo tunaweka ya kwetu.

Na hayo yote yanawezekana, gumu ni maneno. Shangazi zangu nawapenda kupita kiasi ila kuna "onja kidogo tu mama, kipande hakiui", kuna "haya magonjwa ya Ulaya hayo". Shangazi, hakiui leo, ila kinamkwaruza utumbo na wiki nzima mtoto analala na tumbo. Mwenye sukari akikataa soda siku hizi tunamwelewa, naomba na huyu aeleweke hivyo hivyo.

Kingine ambacho kinaniuma, tumefika mahali sikukuu bila chapati na keki inaonekana ya kimaskini. Ngano yenyewe nyingi tunaagiza nje, alafu ulezi na mtama tunaviona vya wazee na vya uji wa mgonjwa, mpaka Umoja wa Mataifa ulipoutangaza mwaka 2023 kuwa wa nafaka za jamii hiyo watu wa mjini ndo wakaanza kuviulizia. Mimi sisemi mfute chapati. Nasema mgeni asiyekula ngano asiletewe viazi vya kuchemsha peke yake pembeni wakati pwani yetu ina mkate wa kumimina, wa mchele, ambao ni keki kamili.

Unapikwa hivi: loweka mchele vikombe viwili usiku kucha, chuja, saga kwenye blenda na tui zito kikombe kimoja na nusu mpaka ulainike kabisa, tia hamira kijiko cha chai (soma pakiti yake kwanza), iliki, sukari robo tatu kikombe. Funika mpaka uumuke. Tia ute wa yai moja, koroga taratibu, mimina kwenye sufuria ya chini nzito iliyopakwa mafuta na iliyokwisha pata moto, ukishika chini weka mkaa juu ya mfuniko au ingiza oveni upate rangi. Kwa mwenye sukari huu haumfai, wali ni wali, yeye mpe parachichi na karanga.

Mwaka huu nimeshaongea na mama. Jiko la maandazi litakuwa nje kwa shangazi, la ndani halitaingia ngano mpaka tarehe 27, mwiko wa mtoto umefungwa kitambaa chekundu na mafuta ya ndizi yatakuwa mapya. Chapati zitapikwa, nyingi tu, na zitaliwa kwenye meza yao.