Mabehewa ya vifurushi ya Uingereza yanaonewa

Wapenzi wa historia ya reli ya Uingereza wakifika kwenye mabehewa kumi ya dizeli yanayojiendesha ya kubebea vifurushi, aina iliyoitwa Class 128, hukata hukumu mapema: fedha nyingi kwa gari lisilopakia abiria hata mmoja. Hukumu hiyo inayaonea.

Hoja yao si ya kupuuzwa. Treni za abiria zilikuwa na chumba cha mizigo tayari, na vifurushi vikipanda humo havidai dereva wala mafuta ya pekee. Tena mabehewa kumi ni machache, likiharibika moja pengo linaonekana siku hiyohiyo.

Lakini tazama kazi ilivyokuwa stesheni. Treni ya abiria husimama dakika chache tu. Wapagazi wakianza kushusha maboksi, baiskeli na vikapu vya njiwa wa mashindano, treni inachelewa, na zilizo nyuma yake zinangoja. Behewa la vifurushi lilipakuliwa lenyewe, kwa muda wake. Kampuni ya reli ya Great Western ilikwisha kuliona hilo: gari lake la kwanza la namna hii lilianza kazi mwaka 1936.

Halafu kuna injini, na hapa wakosoaji hupita haraka mno. Magari mengi ya dizeli ya abiria ya wakati ule yalikuwa na injini mbili za nguvu farasi 150 kila moja. Mabehewa haya ya vifurushi yalipewa mbili za 230. Jumla ni 460, nguvu ya kutosha kuvuta na mabehewa mengine ya mizigo nyuma. Yalikuwa na chumba cha dereva kila upande, hivyo mwisho wa njia dereva alihama tu upande na safari ya kurudi ikaanza, bila kuhangaika kuzungusha kichwa cha treni.

Yaliundwa Gloucester mwishoni mwa miaka ya 1950, na ya mwisho yaliondolewa mwaka 1990. Linganisha na vichwa vya treni 117 vya dizeli vya aina ya Class 17, vilivyoanza kuundwa mwaka 1962: kufikia mwisho wa 1971 hakuna kilichobaki kazini British Rail, shirika la reli la serikali.

Kilichoyanyima kazi ni uamuzi wa mwaka 1981, British Rail ilipoacha kuchukua vifurushi mlangoni kwa mteja na kuvifikisha kwa mpokeaji. Kosa hilo, kama ni kosa, lilifanywa ofisini. Anayeyaita hasara atuhesabie kwanza treni za abiria ambazo hazikuchelewa kwa sababu yake.