Siku Gari Langu Lilipojiajiri Kuwa Matatu

Jumapili saa tatu usiku gari langu la umeme lilinitumia ujumbe kwenye simu: programu mpya iko tayari, itachukua dakika 40, usiliendeshe. Nikabonyeza "Kubali" kwa kidole cha ugali na kuendelea kula. Maelezo yaliyokuja nayo yalikuwa mstari mmoja tu: "Maboresho ya usalama na ya msaada wa dereva." Ni sawa na fundi kukurudishia gari akisema, nimegusagusa hapa na pale, wewe endesha tu.

Mpaka usiku huo mimi na kitufe cha kushoto cha usukani tulikuwa tunaelewana. Ukikibonyeza mara moja unapata kruzi peke yake: gari linashika mwendo na kumpa nafasi aliye mbele, lakini usukani unabaki wako. Ukikibonyeza mara mbili, linashika na leni pia, linajipinda lenyewe kufuata mistari. Mara mbili mimi sibonyezi, si Nairobi. Hapa hatuendeshi katikati ya mistari, tunaendesha katikati ya mashimo. Ukikwepa shimo bila indiketa, usukani unakuvuta taratibu urudi ulikotoka, yaani shimoni. Kamera iliyo juu ya kioo cha mbele imefunzwa rangi nyeupe. Shimo haijafunzwa.

Jumatatu saa 12:40 asubuhi nikatoka. Kabla sijafika mwisho wa mtaa, ting! Mwendo umefika kilomita 32 kwa saa na kamera imeona kibao cha 30 cha shule. Kengele hiyo nilikuwa nimeizima miezi mitatu iliyopita. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024, kila gari jipya linalouzwa lazima limwonye dereva anayepita kasi ya kibao, na kila ukiwasha gari onyo linajiwasha upya hata kama jana ulilizima. Naona walioandika programu yangu walichoka kuandika mbili, wakatuma ya Ulaya kwa dunia nzima, na Jogoo Road ikaingia humo humo.

Sasa, nyuma ya matatu na malori ya Kenya kuna kile kibandiko cha duara, 80. Kinamhusu aliyekibeba: gari hilo lisivuke 80. Kamera haijui siasa hizo. Kwake duara lenye namba ni kibao cha barabara. Mjini sheria ni 50, lakini kila matatu ikinichomekea mbele, skrini inaandika 80. Ikikata kona, 50. Ikija nyingine, 80. Zamani hayo yalikuwa mapambo tu. Programu mpya imeiambia kruzi iitii namba hiyo.

Nililijua hilo matatu ya mbele ilipohama leni na kuacha wazi kama mita 30. Mota ya umeme haingoji injini ipate pumzi. Ukiiamuru inaondoka nawe hapo hapo. Gari likachomoka kwenda kutafuta 80, na mwisho wa zile mita 30 palikuwa na mkokoteni wa mitungi ya maji. Nikakanyaga breki. Ukigusa breki kila kitu kinazimika, na ndiyo sheria moja ambayo sijaona apdeti ikiibadilisha. Mwenye mkokoteni akanitazama bila kusema neno. Nikatulia, nikabonyeza kitufe. Mara moja.

Sikujua kwamba mara moja ya Jumatatu ndiyo mara mbili ya Jumamosi. Wameunganisha zote: bonyeza moja, upate kruzi na leni pamoja. Dalili ilikuwepo, alama ya usukani kwenye kona ya skrini, nyeupe ikiwa inasubiri na kijani ikiwa kazini. Ilikuwa kijani. Mimi nilikuwa natazama bodaboda iliyokuwa inapitisha pakacha la kuku baina ya kioo changu cha kulia na lori.

Karibu na steji ya Hamza mistari ya barabara ikafutika. Programu ya namna hii, mwendo ukiwa mdogo na mistari haipo, haikati tamaa: inashika mkia wa gari la mbele na kwenda nyayo kwa nyayo. Mbele yangu palikuwa na matatu ya mtaa wa Umoja. Matatu ikavuta kushoto, nami nikavuta kushoto. Usukani ulizunguka polepole sana viganjani mwangu, nikadhani ni mimi. Nilipotoa macho kwa kuku, nilikuwa nimeshuka lami na kupaki steji, sentimita 60 nyuma ya matatu, sambamba kabisa. Kwa kweli sijawahi kupaki vizuri hivyo.

Makanga akaja dirishani. "Mkubwa, hii ni gari ya sacco gani?"

"Si matatu, ndugu yangu. Imejileta."

"Imejileta." Akaligeukia gari kwa heshima mpya. "Basi ilipe pesa ya steji."

Nikaweka R. Gari likarudi nusu mita, likapiga breki peke yake kwa kishindo cha mtu aliyegonga ukuta. Sensa za nyuma zimeona mtu anapita. Nikajaribu tena: muuza mayai. Tena: wanafunzi wawili. Nyuma ya gari steji ya Hamza asubuhi hakuna sekunde isiyo na mtu, na programu mpya imeongezewa woga. Nikaamua kuupunguza. Ukurasa wa "Gari" niliouzoea umehama. Sasa ni Usalama, kisha Msaada wa Dereva, kisha usogeze chini mpaka karibu na mwisho. (Ukiwa na akili unapiga picha kurasa zote za mipangilio kabla ya kukubali apdeti, halafu unajaribu vitufe uwanjani penye nafasi. Picha nilizokuwa nazo mimi kwenye simu ni za harusi.) Nikakipata kipengele. Kimefifia, na chini yake: "Weka gari kwenye P ili kubadilisha."

Nikaweka P.

Miezi mitatu iliyopita nilikuwa nimeagiza kwamba gari likiegeshwa kwenye P milango isifunguke. Apdeti ilikuwa imerudisha mipangilio ya kiwandani. Vishikio vya milango, ambavyo hulala bapa kama vimeshonwa bodini, vikachomoza vyote vinne kwa pamoja, na kufuli zikalia tak. Wateja wa steji wakaelewa walivyoelewa. Kufumba na kufumbua kijana mmoja alikuwa kiti cha mbele na vipokea sauti masikioni, na mlango wa nyuma umefunguliwa na mama mmoja mwenye gunia la kabichi.

Nikafungua mkanda, nikashuka nimweleze.

"Mama, shikamoo, hili gari ni la..."

"Marahaba, mwanangu. Shika huku, tuinue."

Nikashika, tukainua. Makanga naye alikuwa ameshaona biashara. Matatu yake imejaa na imeshasogea mbele, hana la kupoteza. "Muthurwa hamsini! Ya umeme, haina moshi! Hamsini!" Akapiga paa mara mbili, na Nairobi nzima inajua maana ya hizo mbili: toka. Nyuma yangu basi lilikuwa limelala juu ya honi. Nikarukia kiti, nikaondoka kwa mbele, ambako angalau palikuwa na nafasi.

Mwendo ulipofika kilomita 20 kwa saa kengele mpya ikaanza. Ting, ting, ting: mkanda haujafungwa. Nikalijua mara moja, maana sensa ya kiti cha nyuma hupima uzito tu, haibagui mtu na mboga. "Mama, tafadhali, lifunge gunia mkanda." Nilipogeuza shingo kumwonyesha kufuli, kamera ya usoni ikadakia: "Tazama barabara." Mama akalivutia gunia mkanda, akalifunga, akalipapasa kama mtoto. Ting, ting, ting. Akafunga na wake. Kijana wa mbele akafunga. Ting, ting, ting, sasa kwa kasi zaidi. Nikailaani apdeti mpaka raundiabauti ya City Stadium, na pale afande akaninyooshea mkono.

"Umebeba abiria?"

"Hapana, afande. Huyu ni..."

"Ni mwanangu," mama akasema. "Ananipeleka sokoni."

Afande akainama. Akamtazama mama, akamtazama kijana aliyekuwa anaitikia wimbo wake, akalitazama gunia kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, kifuani.

"Kabichi imefunga mkanda," akasema. "Dereva je?"

Nikauvuta, nikaufunga. Kengele ikanyamaza.

"Kumbe ni hiyo," mama akasema nyuma. "Mimi nilidhani ni redio."