Waliokwama ni mbwa, si mimi

Ile video najua mmeiona. Imefika Mtwapa, maana binamu yangu kanipigia kutoka huko akashindwa hata kunena kwa kucheka. Aliyeirekodi ni rafiki yangu wa chanda na pete, na maneno aliyoiandikia ni haya: "Jamaa kakwama na mbwa Bombolulu." Jamani! Waliokwama ni mbwa, wakipandana. Mimi mwenye kuwapandisha nilikuwa nimewashika tu.

Na wale wajuaji mnaouliza mbona nilichagua Ijumaa mchana, hebu tuelewane kwanza. Homoni haijui Ijumaa.

Watu wa mtaani wana hesabu yao ya kupandisha jike, "siku ya kumi tangu damu ianze". Kuna jike anayekubali dume siku ya 5, na kuna wa siku ya 17, wote wazima. Mwanzoni uke umevimba na kukaza, damu ni nyekundu, madume wanapiga kambi getini lakini akisogea mmoja anang'atwa. Baadaye damu inapauka, uke unalainika, na ukimkuna jike juu ya kiuno anaupeleka mkia pembeni. Hapo wengi hukimbilia kupandisha. Ngoja! Yai la mbwa hutoka likiwa changa, linahitaji kama siku mbili zaidi ndipo lipevuke. Ndiyo maana Bella, jike wetu, alitolewa damu ikapimwa projesteroni, homoni inayopanda yai linapotoka. Kipimo cha kwanza kilisoma 2 na ushei, yaani bado. Kilichofuata kikapita 5, nanogramu kwa mililita, maana yake yai limetoka. Jumlisha siku mbili. Ikaangukia Ijumaa. Sasa mlitaka nimwambie nani asogeze?

(Ukiwahi kidogo si neno, mbegu za dume hukaa hai ndani ya jike hata siku 5 au zaidi. Ukichelewa ndiyo basi, mayai yanaharibika na hayakusubiri.)

Halafu jike ndiye hupelekwa kwa dume, si kinyume chake. Dume akiwa ugenini hutumia muda wote kunusa kuta na kukojolea maua ya watu. Kwa hivyo ilikuwa Bella atoke Kiembeni alfajiri, kabla jua halijawa kali, kwa sababu joto la Mombasa humchosha dume hajafanya lolote. Lakini nani wa kubeba mbwa? Tuktuk moja baada ya nyingine zinasimama, dereva akiona pua tu anaondoa chombo. Aliyekubali alitaka nauli mara tatu na gunia la kutandika. Tukafika Bombolulu watu ndio wanatoka msikitini.

Mpango ulikuwa geti lifunguliwe kidogo, Bella aingie, geti lifungwe. Yule kijana wa getini akalifungua lote, kwa heshima, kama anampokea gavana. Sultan, kilo arubaini za German Shepherd aliyekuwa ananusa harufu ile tangu tuktuk iko kwenye kona, akatoka. Nikasema "Sulta—". Sikumaliza jina. Bella kapeleka mkia pembeni, tena katikati ya kichochoro, na hesabu yangu yote ya maabara ikathibitishwa mbele ya umma.

Kwa msiojua: kifundo kilichoko shinani mwa uume hujaa damu na kuvimba kikiwa ndani, na misuli ya jike inakibana. Dume anashuka, anavusha mguu, wanabaki wamepeana migongo. Kwa kawaida ni dakika 5 hadi 45. Ukiwavuta utamchana jike na kumuumiza dume. Maji hayasaidii, yanawashtua tu wakavutana wenyewe. Nimeyaeleza haya yote kwa sauti kwa yule mama aliyetoka na ndoo, naye akanijibu, "Mwanangu, basi wafunike hata na leso!"

Nikakaa chini vumbini. Mkono huu kola ya Bella, mkono huu kola ya Sultan, mimi katikati. Watoto wa madrasa wamejipanga ukutani. Nyuma yao koko watatu wa jaani nao wamepanga foleni, na hao ndio walionitia hofu hasa, kwa sababu jike akishapandwa bado anapokea wengine, na watoto wa mimba moja wanaweza kuwa na baba wawili. Nikawa nawafukuza kwa mguu.

Ndipo likaingia gari la wazee wa posa.

Nyumba ya pili kutoka pale walikuwa wakisubiri wageni. Kichochoro kinapitisha gari moja, na pale palikuwa na sisi. Dereva akapiga honi. Sultan akashtuka, akaanza kwenda zake, Bella anaburutwa kinyumenyume, mimi naburutwa pamoja nao kwa matako. Gari likazimwa. Akashuka mzee, kanzu nyeupe pe, koti, bakora.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam, mzee." Mkono wa kumpa sina.

Akatazama. Akatazama tena. "Kijana, hawa watamaliza saa ngapi?"

Na mimi, mdomo wa kazi ukanitangulia: "Dakika 5 hadi 45, mzee. Inategemea."

"Inategemea nini?"

Wallahi nilimjibu. Nilimweleza mzee wa posa habari ya kifundo kunywea, na mzee akasikiliza hadi mwisho. Kisha akawaashiria wenzake washuke. Wakapita mmoja mmoja kati yangu na ukuta, kanzu zimeshikwa juu ya magoti, kila mmoja na astaghfirullah yake. Wa mwisho alipofika usawa wangu, Sultan akageuza shingo akanilamba uso mzima. Hicho ndicho kipande mnachokirudia.

Mengine mafupi. Waliachana wenyewe, Bella akaingizwa ndani na koko wakafungiwa nje. Yale majimaji yaliyomwagika walipoachana si hasara, mengi ni ya tezi dume, mbegu zilishatangulia. Posa nasikia imekubaliwa. Mimba tutaitafuta kwa ultrasaundi baada ya wiki nne, na kuzaa ni kama siku 63 tangu yai litoke.

Ila wanapandishwa tena baada ya saa 48, na mwenye Sultan ameongeza bei kwa kile anachoita usumbufu wa mtaa. Funguo ya geti safari hii ninayo mimi. Na huyo rafiki yangu ameshaniuliza ni saa ngapi.