Tela la kusafiria: tunabishana kuhusu gari, tatizo liko nyuma yake

Wapenzi wa matela ya kusafiria, yaani zile nyumba ndogo zenye kitanda, jiko na choo zinazovutwa nyuma ya gari, siku hizi wamegawanyika kambi mbili. Kambi moja inasema gari la umeme limekuja kuua starehe yao, kwa sababu likifungwa tela, umbali linaokwenda kwa chaji moja unakatika karibu nusu. Nyingine inasema tuvute subira, matela yenye mota na betri zake yenyewe yako njiani na yatamaliza ubishi. Kila kambi ina hoja ya kweli. Ila zote mbili zinatazama mbele ya msafara, ilhali kinachoamua usalama, gharama na hata hatima ya starehe hii ni tela lenyewe: uzito wake, umbo lake na jinsi lilivyoungwa kiwandani.

Nianze na uzito, maana hapo ndipo watu wengi hudanganyika kwa nia njema. Muuzaji atakwambia pikapu hii inavuta kilo 4,500, na kweli inavuta. Lakini tela halivutwi tu, linaegemea pia. Ili litulie barabarani, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake inatakiwa ikae juu ya ndoano inayoliunga na gari, na uzito huo huhesabiwa kama mzigo uliopakiwa ndani ya gari. Fungua mlango wa dereva: kwenye nguzo, magari mengi yana kibandiko kinachotaja mwisho wa uzito wa abiria na mizigo. Tuseme kimeandikwa kilo 650. Tela likishajazwa maji, gesi na vyombo lina kilo 3,000, na asilimia 12 yake ni kilo 360. Ongeza kilo 40 za vyuma vya kuungia. Zimebaki 250. Baba, mama na watoto wawili wakubwa wana kilo 270. Umeshavuka kikomo kabla begi hata moja halijapakiwa, na zile kilo 4,500 ulizosifiwa hujazikaribia.

Wapo wanaosema dawa ni kusogeza mizigo nyuma ya tela ili ndoano ipumue. Ushauri huo unaua. Mzigo ukihamia nyuma ya ekseli, tela huanza kupiga mkia, na kwenye mwendo mkubwa kuyumba huko hujiongeza kwenyewe mpaka kukamshinda dereva. Likianza, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani usimame sawa, na kama gari lina swichi ya kufunga breki za tela peke yake, itumie. Usikanyage breki za gari kwa hofu, wala usijaribu kulifuata tela kwa usukani.

Baada ya uzito kuna upepo, na hapa ndipo ubishi wa umeme unapopata maana yake. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ukishuka kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 80, unapungua kwa zaidi ya theluthi. Tela la kawaida ni ukuta bapa wenye upana wa karibu mita 2.5, na ukuta huo hauulizi kama injini ni ya dizeli au ya umeme. Gari la dizeli nalo hunywa mafuta vibaya likivuta, pengine mara mbili ya kawaida. Tofauti ni ukubwa wa akiba. Lita moja ya petroli ina takriban kilowati-saa 9 za nishati, kwa hiyo tangi la lita 100 lina karibu 900. Betri kubwa ya pikapu ya umeme ya Ford F-150 Lightning ina 131. Injini hupoteza sehemu kubwa ya nishati yake kama joto, lakini inayobaki bado ni nyingi, na kujaza tena ni suala la dakika chache.

Kwa haki, gari la umeme lina sifa ambazo kambi ya kwanza haipendi kuzitaja. Mota huwa na nguvu yake yote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, kwa hiyo kupandisha mlima na mzigo mzito si kazi. Kwenye mteremko hurudisha nishati kwenye betri na kuziokoa breki zisichemke, na aliyewahi kunusa breki zilizoungua akishuka na tela anajua thamani ya jambo hilo. Kinachokera ni vituo vya chaji: vingi vimejengwa kwa gari dogo linaloingiza pua na kutoka kwa rivasi. Mwenye tela analazimika kulifungua, kuliegesha kando, kuchaji, kisha kulifunga upya, minyororo, waya na yote. Hilo ni tatizo la ramani ya maegesho, na litatatuliwa na wajenzi wa vituo kuliko wahandisi wa betri.

Tela linalojisukuma si ndoto tena. Mwaka 2021 kampuni ya Dethleffs ya Ujerumani ilivusha tela lake la majaribio, E.Home Coco, juu ya milima ya Alps hadi Ziwa Garda, Italia, likivutwa na Audi ya umeme: karibu kilomita 390 bila kusimama kuchaji. Nchini Marekani, kampuni ya Lightship ilionyesha tela lake mwaka 2023, na kampuni ya Pebble ina la kwake linaloweza hata kujisogeza lenyewe kwenye nafasi ya kuegesha. Hiyo ni neema kubwa kwa anayetokwa jasho kila akipiga rivasi. Lakini betri ni uzito, na uzito una sheria. Katika Umoja wa Ulaya, leseni ya daraja B pekee, yaani ile ya kawaida ya gari dogo, inaruhusu tela la zaidi ya kilo 750 pale tu ambapo jumla ya uzito unaoruhusiwa wa gari na tela haizidi kilo 3,500. Kila kilo ya betri inanyang'anya nafasi ya kitu kingine. Bei nazo ni mara kadhaa ya tela la kawaida, kwa chombo ambacho kwa wengi kitakaa kimeegeshwa sehemu kubwa ya mwaka.

Katika tela la Lightship, mimi linanivutia paa kuliko mota. Sehemu ya juu hushuka wakati wa safari na kupanda mkifika, na upepo hukosa ule ukuta wa kuupiga. Wazo la kuukwepa upepo si geni. Kampuni ya Airstream ya Marekani ilianza kuuza tela la Clipper, lenye mwili wa alumini uliopindwa, mwaka 1936. Tela lenye umbo la sanduku lilishinda sokoni kwa sababu ni rahisi kulijenga na lina nafasi zaidi ndani.

Urahisi huo ndio unaomtesa mmiliki. Masanduku mengi ni fremu ya mbao au alumini iliyofunikwa kwa mabamba, na kila kona, dirisha na tundu la paa limezibwa kwa gundi inayozeeka. Maji yakipata upenyo hayapigi kelele. Ukikagua tela lililotumika, bonyeza kwa kidole gumba ukuta wa pembeni chini ya dirisha la mbele, na sakafu kwenye kona. Pakibonyea kama mkate, ondoka, hata kama mapazia ni mapya. Kisha soma tarakimu nne kwenye ubavu wa tairi: 2321 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi za tela hufa kwa umri kabla kashata hazijaisha. Uangalifu huu una uzito wa pekee sasa, kwa sababu mwaka 2021, watu walipokuwa wakikimbia janga la korona, viwanda vya Amerika Kaskazini vilitoa zaidi ya magari na matela 600,000 ya kusafiria, wakati mwaka 2023 vilitoa karibu 313,000. Kazi ya haraka huacha alama.

Je, afadhali kukodi? Kwa anayelala nje wiki mbili kwa mwaka, ndiyo, bila kusita: bima, maegesho, grisi ya beringi na kushuka kwa thamani havimwachii faida. Lakini siwezi kumwambia hivyo mzee anayehitaji choo karibu usiku kucha, au mzazi wa mtoto asiyelala kitanda kigeni. Kwao tela ndilo linalowezesha safari yenyewe.

Nao nisingewaambia wasubiri mota. Mwaka 1968 kule Winnipeg, Kanada, lilianza kutengenezwa Boler, tela dogo la faibaglasi la vipande viwili, cha juu na cha chini, vilivyoungwa kama ganda la yai, likiwa tupu na uzito wa chini ya kilo 500. Baadhi yake bado yanatembea. Ni jepesi, limeviringana, na mishono yake ni michache. Familia ya watu wanne haitoshi humo, na hilo ndilo dai la haki dhidi yake. Kwa watu wawili, sioni kilichokosekana, iwe gari la mbele ni la petroli au la umeme.