Mji wa Kale wa Mombasa: nani alipe bei ya boriti?

Kila nyumba ya kale inapovunjwa Mombasa, huku Nairobi huzuka masikitiko ambayo aghalabu huishia kwenye lawama moja: kwamba wenye nyumba wa Mji wa Kale wameingiwa na tamaa ya kodi za ghorofa, na wanauza kilicho cha taifa zima. Lawama hiyo haikutoka hewani. Mtaa huo ni eneo la hifadhi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Ngome ya Yesu, iliyo ubavuni mwake, imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011. Ukuta wa matumbawe ukishabomolewa haurudi, na ghorofa moja ya zege ikisimama kwenye kichochoro, jirani naye ataona haya kubaki nyuma. Anayetaka masharti makali ana haki ya kusikilizwa.

Lakini asikilizwe pia anayelala chini ya dari lenyewe. Nilipokuwa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, mara ya mwisho, mwenyeji wangu, mzee ninayemwita ami, alinipandisha chumba cha juu akanionyesha mahali boriti inapoingia ukutani. Aliidunga kwa ufunguo wa mlango, na ufunguo ukazama kama uliochomekwa kwenye ndizi mbivu. Miaka mingi iliyopita ukuta huo ulipigwa lipu ya saruji kwa nje, kwa nia njema kabisa. Jiwe la matumbawe na chokaa hupumua, unyevu ukaingia na kutoka; saruji huuziba ndani, pamoja na chumvi yake, nao hauna pa kwenda ila kwenye vichwa vya boriti. Kwa hiyo wahifadhi wanaoipinga saruji wanasema kweli, na ami anakubaliana nao kuliko wanavyodhani.

Tatizo ni dawa yake. Ukarabati wa asili unahitaji chokaa, fundi anayeijua, na boriti za mikoko. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, mikoko nayo ilikumbwa, na wakataji wa Lamu wakakaa bila kazi hadi walipolegezewa mwaka uliofuata. Tazama basi hali ya mwenye nyumba wa wakati ule: amri moja inamzuia kuweka zege, nyingine inamnyima boriti. Zote mbili ni njema ukizitazama mojamoja. Zikikutana juu ya kichwa cha mtu mmoja, hubaki dari linalooza. Na hata boriti ikipatikana, urefu wake ndio unaoamua upana wa chumba, yapata mita mbili na nusu hadi tatu, jambo ambalo halikumsumbua babu lakini linamsumbua mjukuu mwenye watoto wanne. Tena nyumba yenyewe mara nyingi ni ya mirathi, ina warithi kumi na zaidi, mmoja Jeddah, mwingine Nairobi, na hakuna aliye tayari kutengeneza peke yake mali ya wote.

Mtalii naye hulipa kiingilio langoni mwa Ngome, kisha akazunguka barabara ya Ndia Kuu mtaani humo akipiga picha milango na roshani bila senti kumfikia anayeipaka mafuta milango hiyo.

Watakaosema kwamba serikali ingezitunza nyumba hizi vyema zaidi wakumbuke Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la serikali ndani ya Mji Mkongwe unaotambuliwa na UNESCO, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, watu wawili wakafa. Ngome ya Yesu yenyewe Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hadi 1958, na ni wafungwa walipotolewa ndipo thamani yake ya kale ilipoonekana. Nasi wa Nairobi tusijitie upole: Pangani, kijiji cha Waswahili cha mji huu, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na leo ni wachache wanaokililia.

Isitoshe, hizo roshani tunazozitetea ziliingia kwa wingi na mafundi wa Kihindi katika karne ya kumi na tisa, zikabadilisha sura ya mji uliokuwapo. Sisemi kwamba kila badiliko ni halali. Nasema kwamba umma unaotaka kuzuia mabadiliko uchangie bei ya chokaa na boriti, ama kwa ruzuku, ama kwa fungu la kiingilio cha Ngome. Bila hivyo, ni vigumu kuona unamkataza ami kwa haki gani.

Kwa sasa ami amesimamisha nguzo ya chuma chini ya boriti ile, bila kumwomba mtu ruhusa, na wajukuu wamekatazwa kucheza chumba cha juu.