Draiva yenye kichwa kidogo haijanificha kitu

Chukua unga wa miguu, ule wa kupulizia, upake uso wa draiva yako, ile fimbo ya gofu ya kupigia mpira mbali, kisha piga mipira kumi na uitazame fimbo. Nilifanya hivyo na draiva yangu mpya, yenye kichwa cha sentimita za ujazo 460. Mipira saba ilikaa fewei, ile njia ya nyasi fupi, na mitatu ikaingia kwenye nyasi ndefu, mahali ambapo ningeweza kuendelea kucheza bila shida. Nikatabasamu. Kisha nikaugeuza uso wa fimbo kuelekea jua. Alama zilikuwa zimetapakaa kama kuku wamepita kwenye majivu: nne upande wa ncha, mbili kisiginoni karibu na mti wa fimbo, moja juu kabisa chini ya ukingo. Tatu tu ndizo zilizogusa kitovu.

Kwa hiyo mipira saba iliyokwenda sawa haikuwa kazi ya mikono yangu. Ilikuwa kazi ya fimbo.

Wiki hiyohiyo nilitoa stoo draiva niliyoachiwa na mjomba wangu, Titleist 975D ya mwishoni mwa miaka ya 1990. Kichwa chake ni cha titani, sentimita za ujazo 260 tu. Nikaupaka uso wake unga uleule na kupiga mipira kumi. Miwili ilikwenda nilikokusudia. Mingine ilianza kulia ikakunja vibaya kushoto, mingine ikakata kulia moja kwa moja hadi kwenye miti, na mmoja uliniacha na ganzi kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Alama kwenye unga zilikuwa zilezile, zimetapakaa vilevile. Tofauti ni kwamba safari hii kila alama ilikuja na adhabu yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtetezi wa draiva zenye vichwa vidogo, nami nasema hivi kwa dhati: mchezaji yeyote aliyekwisha kuvuka hatua ya kujifunza anapaswa kupiga moja, angalau mara moja kwa wiki, kabla hajafikiria kununua kichwa kipya.

Tumesahau upesi mambo yalivyokuwa. Kwa miongo mingi draiva ilichongwa kwa mbao za pasimoni, na kichwa chake kilikaribia ukubwa wa ngumi. Mwaka 1979 kampuni ya TaylorMade walitoa wudi ya chuma (wudi ni jamii ya fimbo za kupigia mbali, draiva ikiwemo), na wengi waliiona kama kitu cha ajabu. Mwaka 1991 Callaway wakaja na Big Bertha, ambayo iliitwa hivyo kwa sababu ilionekana kubwa mno. Ukubwa wake? Sentimita za ujazo 190. Ukiiweka leo chini karibu na draiva mpya, utadhani ni wudi namba tatu, fimbo inayofuata draiva. Vichwa viliendelea kuvimba hadi R&A na USGA, vyombo vinavyotunga sheria za gofu, wakaweka kikomo cha 460 mwaka 2004, na ndani ya muda mfupi karibu kila kampuni ilikuwa imefika kwenye kikomo hicho.

Na watu walikuwa wanapiga mbali na vichwa hivyo vidogo! Jack Nicklaus alipiga yadi 341 kwa draiva ya mbao kwenye shindano la kupiga mbali mwaka 1963. Tiger Woods aliposhinda US Open ya mwaka 2000 kule Pebble Beach kwa tofauti ya mikwaju 15, mkononi alikuwa na 975D kama hii ya mjomba, yenye shafti (mti wa fimbo) ya chuma ya inchi 43.5. Sisemi kwamba mimi na wewe tutapiga kama wao. Ninachosema ni kwamba fimbo yenyewe haikuwa kizuizi.

Sababu ya kichwa kidogo kuwa mkali inaeleweka kirahisi. Kichwa kikubwa uzito wake umesambazwa mbali na katikati, kwa hiyo mpira ukigonga nchani hakipindi sana. Kidogo hupinda. Kinapopinda, uso unafunguka na mpira unazungushwa kwa upande wa pili, kama meno ya gia mbili zinazogusana. Ndiyo maana uso wa wudi umetengenezwa ukiwa na uvimbe kidogo: kwa anayecheza kwa mkono wa kulia, mpira uliogongwa nchani uanze kulia, kisha urudi kushoto kuelekea katikati. Kwenye kichwa kikubwa jambo hili hutokea kwa upole kiasi kwamba hulioni. Kwenye kidogo unaliona waziwazi, na baada ya wiki mbili unaanza kujua, mpira ukiwa bado hewani na hata kabla ya kuinua kichwa, umegonga wapi. Mikono inakuambia. Hili ndilo nililolikosa kwa miaka yote ya kichwa kikubwa.

Urefu wa shafti nao una neno lake. Draiva nyingi za siku hizi zinakaribia inchi 45 na nusu au 46, wakati za zamani zilikaa karibu na 43. Inchi mbili na nusu au zaidi ni nyingi mno unapojaribu kugonga kitu kidogo kwa kasi kubwa. Sehemu ya sifa tunazokipa kichwa kidogo kwa kunyoosha mpira, kwa maoni yangu, ni sifa za shafti fupi.

Niliwashawishi watatu ninaocheza nao wajaribu. Kijana mmoja mwenye nguvu, ambaye mkwaju wake wa kwanza siku zote hukata kulia, alifurahi kuliko wote. Uzito wa kichwa kidogo umekaa karibu zaidi na shafti, kwa hiyo ni rahisi kukigeuza kikafunga uso kwa wakati. Kufikia shimo la sita kukata kwake kulikuwa kumepungua nusu. Dada mmoja mwenye swingi (mzunguko wa kupiga) tulivu aliipenda kwa sababu ya shafti fupi, na kesho yake akaanza kushika draiva yake mwenyewe chini kidogo kwenye mpini. Lakini mzee wetu wa kundi, ambaye swingi yake imepoa kwa umri, alipoteza umbali mwingi sana, na mashimo aliyokuwa akifika grini, eneo lenye shimo lenyewe, kwa mikwaju miwili akawa anafika kwa mitatu. Alinirudishia fimbo kwenye shimo la nne, akaniambia, "Mwanangu, hii si ya magoti yangu." Yuko sahihi kabisa. Anayepiga polepole anahitaji kila msaada ambao uso mpana na mwembamba unaweza kumpa, na anayeanza gofu leo asidanganywe na mtu yeyote aanze na pasimoni. Atauchukia mchezo.

Jambo moja linawapata wote, na mimi lilinipata siku ya kwanza kabisa: tii, kile kijiti cha kuwekea mpira. Tumezoea kuinua mpira juu kwa sababu uso wa draiva kubwa ni mrefu kwenda juu. Nikachomeka tii yangu ya kawaida, nikapiga, mpira ukapaa wima kama njiwa aliyeshtuliwa na kuanguka yadi mia moja mbele yangu. Nilipotazama fimbo, juu ya kichwa, kwenye ile rangi nyeusi ambayo mjomba aliitunza miaka yote, palikuwa na alama nyeupe ya mviringo. Iliniuma kweli. Punguza tii mpaka nusu tu ya mpira ionekane juu ya kichwa fimbo ikiwa chini, na kwa vichwa vya mbao shusha zaidi. Sogeza na mpira kidogo nyuma kutoka kisigino cha mguu wa mbele.

La pili ni gundi. Fimbo ya miaka 25 imekaa kwenye joto na baridi, na gundi inayoshika kichwa kwenye shafti huchoka. Mimi nilimpa fundi mmoja aikague, akaniambia iko imara. Siku nne baadaye kichwa kilichomoka katikati ya swingi na kuruka mbele ya tii. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini tangu hapo sikubali kupiga draiva ya zamani ambayo kichwa hakijatolewa na kugundishwa upya mbele ya macho yangu. Badilisha na mpini wa raba pia, maana wa zamani hukauka ukawa mgumu na kuteleza kama kioo.

Kuhusu sheria, wengi wanaogopa bure. Mashindano yanayotumia orodha ya vichwa vya draiva vilivyoidhinishwa huviacha nje ya sharti hilo vichwa vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1999. Draiva ya mjomba ingekuwa tatizo kama ingetengenezwa baadaye na isiwemo kwenye orodha.

Watengenezaji wenyewe naona wamekwisha kulitambua jambo hili. TaylorMade wametoa draiva ndogo za sentimita za ujazo karibu 300, na Tommy Fleetwood ni mmoja wa wachezaji wakubwa walioibeba moja kwenye mfuko. Henrik Stenson, aliyeshinda The Open kule Royal Troon mwaka 2016, amejulikana kwa miaka mingi kwa kupiga wudi namba tatu mahali wenzake wanapochomoa draiva. Hawa ni watu wanaolipwa kwa kuweka mpira mahali salama, na kwenye shimo jembamba wanachagua kichwa kidogo.

Mimi nami nimepanga upya mfuko wangu. Fimbo zinazoruhusiwa ni 14, kwa hiyo lazima moja itoke, na iliyotoka ni wudi namba tatu. Draiva kubwa imebaki kwa ajili ya mashimo mapana. Ile ya mjomba naitumia kwenye mashimo yaliyobanwa na miti pande zote mbili, na kwa kuwa kichwa chake ni kifupi kwenda juu, mpira ukikaa vizuri kwenye fewei naweza kuupiga bila tii kabisa, kitu ambacho na ile ya 460 nimekijaribu mara mbili tu na sitarudia. Unga wa miguu bado uko kwenye mfuko wa pembeni. Juzi niliupulizia tena kwenye draiva kubwa: alama sita kitovuni, tatu nchani, moja kisiginoni.